Naomba ushauri: siku moja Hifadhi ya Arusha, nina bi mkubwa mwenye magoti mabovu na Noah

Mzigua wa Barabarani

Wakuu, heshima kwenu.

Mwishoni mwa mwezi huu wa sita tuna harusi ya mdogo wa wife pale Usa River. Jumamosi sherehe, Jumapili kuvunja kamati na kulala, Jumanne tunageuza kurudi Tanga. Jumatatu tuko huru na nimeipania. Nina miaka 41, nimezaliwa na kukulia nchi hii, na twiga ninayemfahamu ni yule wa kwenye mkia wa ndege. Aibu.

Msafara ni mimi, wife, watoto wawili (9 na 6), bi mkubwa wangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, na shemeji anayekuja kutoka Kanada. Usafiri ni Noah yangu, ya kawaida, siyo ya kuvuta miguu yote minne.

Nilikuwa nimeshaamua Ngorongoro kwa sababu mtoto mkubwa anataka simba na shemeji anataka picha. Jana kwenye kikao jamaa mmoja akaniambia, "Unakwenda mbali kutafuta nini, wakati kuna hifadhi ukitoka hapo kwa bi harusi hata chai haijapoa umefika?" Anasema ni ileile ya Mlima Meru, na ina kreta yake na maziwa yake.

Je, kuna cha kuona kweli au ni miti tu? Noah itapita? Na bi mkubwa atafurahia nini akiwa hawezi kutembea?

Naomba kuwasilisha.

Chui wa Makuti

Simba hakuna. Mwambie mtoto mapema usije ukalia naye getini.

Mshare

Mkuu karibu kwetu. Mimi ni mtoto wa Usa, nimesoma shule nikiangalia huo mlima dirishani, nikwambie ukweli wa mwenyeji.

Alichosema Chui ni kweli, simba hakuna. Chui yupo na fisi yupo, ila kwa siku moja usiwahesabie. Tembo wapo wachache, wanakaa msituni, na ukiwaona ni bahati yako. Ila twiga mtawachoka. Nyati, pundamilia, ngiri, kuro, pongo na digidigi hao hamuwatafuti, wanawatafuta wao. Ukishapita geti la Ngongongare tu, kuna uwanda wanauita Serengeti Ndogo. Usicheke jina. Asubuhi unakuta nyati na pundamilia wamejaa pale kama ng'ombe wa mnadani.

Sasa mnyama wa pale, ambaye huko Ngorongoro watu hawaendi kumtafuta, ni mbega. Wale weusi wenye shuka jeupe mgongoni na mkia wa manyoya. Wanakaa juu kabisa kwenye msitu wa kuelekea kreta ya Ngurdoto, hawapendi kushuka chini, na asubuhi ya baridi wanapanda vilele vya miti kuota jua. Zima injini, fungua vioo, nyamazeni dakika kumi. Utasikia kwanza matawi, halafu utaona mkia mmoja unaning'inia kama taulo. Ukishauona huo mmoja, macho yanafunguka, kumbe mti mzima umejaa. Wengi wanakosa mbega kwa sababu dereva ana haraka ya kwenda maziwani. Na usimchanganye na kima, yule wa kijivu, huyo utamwona hata barabarani.

Bi mkubwa hahitaji goti kwa hilo. Anahitaji kiti cha dirishani na shali.

Dereva Kaskazini

Nimeendesha watalii miaka 14, naomba nijibu la gari na la Ngorongoro kwa pamoja.

Ngorongoro kutoka Usa River ni karibu kilomita 200 kwenda tu. Noah haishushwi kreta, pale ni gari la kuvuta miguu yote minne basi, kwa hiyo utakodi. Ile haiko TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), ina Mamlaka yake, na gari kushuka kreta linalipiwa peke yake mbali na viingilio vya watu. Inafanyika kwa siku moja? Inafanyika. Mtatoka saa kumi alfajiri mtarudi usiku, bi mkubwa atakuwa amekaa kwenye gari saa kumi na nne. Mimi mama yangu nisingemfanyia hivyo siku moja baada ya harusi.

Arusha: mwezi wa sita masika imekwisha, Noah itafika Serengeti Ndogo, itafika Momella, itazunguka maziwa taratibu. Shida ni ile njia ya kupanda ukingo wa kreta ya Ngurdoto. Msitu umefunga juu, jua haliingii, tope linakaa wiki nzima baada ya mvua. Niliwahi kuvuta Noah pale, abiria wote wamesimama pembeni na viatu vya harusi. Getini ulizia njia ilivyo siku hiyo, askari watakwambia bila kuficha. Wakisema ina utelezi, usibishane nao kwa sababu umeona Noah nyingine imepita.

Vinginevyo kodi gari la juu la siku moja, pamoja na dereva. Ila kuwa mwangalifu na bei za "kila kitu ndani". Mwaka juzi jirani yangu alilipia safari ya namna hiyo, kufika getini akaambiwa kiingilio hakimo. Andikishaneni kilichomo kimoja kimoja.

Mama Wawili

Ongezeni hili la watoto. Tulienda na wangu wakiwa 8 na 5.

Moja, BARIDI. Watu wa Tanga mnajijua. Lile eneo la chini tu ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba ni kipupwe. Sweta, soksi, kofia, na blanketi la bibi.

Pili, chakula bebeni kwenye hotipoti, msibebe kwenye rambo. Hizo zimepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019 na hifadhini ndiyo kabisa. Mnakula sehemu zilizotengwa, kuna za kuangalia ziwa, nzuri mno. Ila usimpe mtoto ndizi mkononi akasimama peke yake. Wangu alinyang'anywa na nyani mbele ya macho yangu. Yule nyani hakukimbia hata kidogo, alikaa mita tano akamenya ndizi kwa ustaarabu kuliko mwanangu anavyomenya.

Tatu, wale wanaotaka kutembea kwa miguu na askari kwenda maporomoko ya Tululusia, watoto wadogo hawaruhusiwi. Sisi tuligawana: baba alikwenda na kaka yake, mimi nikabaki na watoto Momella tunahesabu ngiri.

Chui wa Makuti

Yaani mtu alipe kwenda kuona ngiri na nyani? Nyani wapo hata njia ya Mikumi, bure, na unapita zako.

Mshare

Chui, wewe ukipelekwa Makka utauliza bei ya tende.

Kobe Mzee

Nimefundisha jiografia, mniruhusu kidogo. Mnaongelea wanyama mnasahau walipokaa.

Mleta mada, ukifika maziwa ya Momella angalia vile vilima vidogovidogo vilivyotapakaa bila mpangilio, kama mtu amemwaga gari la kifusi akaondoka. Ndivyo ilivyokuwa. Meru wa zamani alikuwa mkubwa kuliko huyu, na maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka wote ukatiririka kuja upande huo. Mabonde yaliyobaki kati ya vilima yakajaa maji, ndiyo maziwa hayo. Geuka nyuma uangalie mlima: utaona umekatwa kama kiatu cha farasi, na ndani yake ukuta wa mwamba wa takriban mita 1,500, na koni ya majivu imekaa katikati. Hiyo koni ni changa. Mlima ulitoa majivu mara ya mwisho 1910, si zamani hivyo, bibi yake bi mkubwa wako alikuwa hai.

Maziwa yenyewe yana magadi, na kila moja lina kiwango chake, ndiyo maana moja litakuwa la kijani, la pili samawati, na la tatu rangi isiyo na jina. Flamingo wanafuata vijimea vidogo vinavyoota kwenye hayo magadi. Vikipungua wanahama usiku mmoja. Kwa hiyo asikuahidi mtu flamingo. Viboko na ndege wengine wa majini wapo. Hifadhi nzima ina aina zaidi ya 400 za ndege.

Ngurdoto ni volkano nyingine, iliyozimika. Upana wake kama kilomita tatu, na kushuka chini hairuhusiwi, hata mwenye pesa. Mnaangalia kutoka juu, sehemu kama Leitong na Mikindu. Chini kuna kinamasi na nyati wanaonekana kama mbegu za papai. Beba darubini. Bila darubini watoto watakwambia wanaona mbegu za papai.

Hifadhi ilianza 1960 kwa jina hilohilo la Ngurdoto, Meru akaingizwa baadaye. Leo ni kilomita za mraba 552.

Mzigua wa Barabarani

Wakuu nimeelewa mno, Ngorongoro nimeiweka pembeni. Kobe Mzee, shikamoo. Bado nina mawili. Shemeji amezaliwa Korogwe lakini sasa ana pasi ya Kanada, anasema yeye ni Mtanzania moyoni. Na tuingie saa ngapi?

Dereva Kaskazini

Moyo hauna namba ya NIDA, mkuu. Atalipa kiingilio cha mgeni kwa dola, na ni zaidi ya mara kumi ya chako. Mwambieni nyumbani, msimwambie getini mbele ya foleni. Nyie wengine bebeni vitambulisho vyenu halisi, picha kwenye simu inaleta maneno. Na pesa taslimu hazipokelewi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au kadi. Hakikisha salio na chaji.

Geti linafunguliwa asubuhi na mapema. Muwe hapo saa kumi na mbili na nusu. Kwanza Serengeti Ndogo, halafu Ngurdoto mbega wakiwa wanaota jua, halafu maziwa, mle, mtoke kupitia geti la Momella. Msianzie maziwani.

Mshare

Na mlima ukiuona wazi alfajiri, simama upige picha palepale. Ukishavaa kofia saa mbili, hauivui mpaka jioni. Upande wa pili, kukiwa kweupe, utaona Kilimanjaro.

Mzigua wa Barabarani

MREJESHO

Wakuu tumerudi Tanga salama. Niwape kwa ufupi maana nina usingizi wa wiki.

Tulipanga saa kumi na mbili na nusu, tukafika saa mbili kasoro. Kamati ilivunjwa vizuri mno Jumapili. Mlima ulikuwa umeshavaa kofia yake, Mshare uko sahihi. Kilimanjaro sikuiona.

Shemeji alilipa kimyakimya. Baada ya kilomita mbili akasema, "Basi leo mimi ndiye mtalii, nyie nibebeeni begi." Wife akambebesha hotipoti.

Serengeti Ndogo twiga walikuwa kumi na mmoja. Mtoto wa miaka sita aliwahesabu mara tatu, ikawa kumi na mmoja, kumi na tatu, kumi na mmoja. Mmoja alisimama katikati ya barabara akatuangalia kama sisi ndio tumekosea njia. Simba hakuulizwa tena.

Ngurdoto askari alisema Noah isipande, tope. Nikakumbuka viatu vya harusi nikatii. Kreta sikuiona, Kobe Mzee unisamehe, nimekuachia sababu ya mimi kurudi. Lakini tulisimama kwenye msitu wa chini, nikazima injini kama mlivyosema. Dakika tano hakuna kitu. Watoto wanaanza kupigana. Bi mkubwa ndiye akasema, "Nyamazeni, ule mti unapumua."

Walikuwa kama wanane. Mmoja ana mtoto mweupe kabisa kama pamba, amemkumbatia kifuani. Sikujua kama mbega huzaliwa weupe, askari ndiye alituambia baadaye. Bi mkubwa alikaa kimya muda mrefu, halafu akaanza kutusimulia babu yake alivyokuwa na ngozi ya hao wanyama, anaivaa ngomani tu, na yeye akiwa mdogo alikuwa anaiogopa ikiwa imetundikwa ukutani. Mimi mwanawe hiyo habari sijawahi kuisikia. Tukakaa pale dakika arobaini, na shemeji na kamera yake ya bei mbaya alipata picha za matawi.

Flamingo walikuwepo wachache, mbali, mstari wa waridi ng'ambo ya ziwa. Viboko wawili. Nyani hawakupata ndizi.

Magoti yalisumbua mara moja tu, alipokataa kubaki ndani ya gari sehemu ya kula na akataka kwenda ukingoni kuonja maji kama kweli yana magadi. Askari alimkatalia kwa heshima zote, "Bibi, hapo kuna kiboko." Akarudi akakaa, akasema maji hayo hata kwa macho yanaonekana yanafaa kupikia maharage.

Chui wa Makuti

Mkuu, hiyo Noah haikukwama kabisa? Mimi mwezi wa nane nina shughuli Moshi, nauliza tu.