CD za mchanganyiko za zilizopendwa: zinafaa, au nitafute bendi moja moja?

Mtoto_wa_Chumbageni

Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Tunamwandalia chakula nyumbani Tanga, na kazi ya muziki nimeachiwa mimi. Mama ni mtu wa dansi hasa, bendi za Atomic, Jamhuri, NUTA, Morogoro. Taarabu anaipenda pia, ila dansi ndiyo ujana wake.

Nikanunua CD ya mchanganyiko, nyimbo 20. Jalada lina picha ya gitaa na mnazi, nyuma majina ya nyimbo na ya bendi, basi. Hakuna mwaka wala jina la mwimbaji. Nikaipeleka nyumbani kuijaribu. Wimbo wa kwanza mama akatabasamu. Wa pili akaimba. Wa tatu akanyamaza, akaweka kikombe chini, akasema, "Hawa siyo wenyewe." Nilipotega sikio nikasikia kinanda mahali pa tarumbeta, na ngoma ni za mashine. Wa saba, wa Jamhuri Jazz, ulififia katikati. Mama alikuwa ameshainua mkono kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kucheza magitaa yanapopamba moto, na chemko halikuja.

Ule mkono umeniuma. Je, niachane na michanganyiko nitafute bendi moja moja? Au kuna michanganyiko ya kuaminika?

MzeeWaKanda

Mwanangu, hongera kwa kuwa na mama mwenye sikio. Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Kariakoo tangu 1986 mpaka CD zilipotutoa sokoni. Michanganyiko ndiyo iliyosomesha wanangu, kwa hiyo nikuambie ninachokijua kwa mikono yangu.

Bendi moja moja utahangaika. Bendi zetu nyingi za miaka ya 60 na 70 hazikufanya kazi kwa albamu. Biashara ilikuwa santuri ndogo, wimbo upande huu na wimbo upande ule. Nyimbo nyingine hazikufika hata huko: zilirekodiwa studio za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, kule Barabara ya Pugu, zikapigwa hewani, zikabaki kwenye mikanda ya redio. Ukiona leo "albamu" ya bendi ya 1968, mara nyingi ni mtu aliyekusanya baadaye. Kwa hiyo usiuonee haya mchanganyiko. Huu muziki tangu mwanzo tuliusikia hivyo, wimbo wa huyu ukifuatwa na wa yule, redioni na kwenye baa.

Na kuna raha ambayo bendi moja haiwezi kukupa. Mfuate mwimbaji Muhidin Gurumo. Yuko NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa 1964. Halafu yuko Mlimani Park, iliyoanza 1978. Katikati ya miaka ya 80 yuko Safari Sound, na baadaye amerudi kwa wenzake wa zamani. Mkusanyaji anayejua kazi yake akizipanga nyimbo hizo, unaisikia sauti ileile ikikomaa huku magitaa yanabadilika chini yake. Nilimrekodia hivyo mteja mmoja, dereva wa lori. Aliporudi alisema amesikiliza kutoka Chalinze mpaka Makambako bila kuweka kanda nyingine.

Sasa huo wimbo wa saba. Wimbo wa dansi ukipigwa ukumbini unaweza kufika dakika nane, kumi. Upande mmoja wa santuri ndogo haubebi hizo. Kwa hiyo waliukata: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Upande A una maneno, upande B ndiko magitaa yanapochemka. Aliyetengeneza CD yako alichukua upande A tu, labda hakugeuza santuri kabisa. Mimi nilikuwa naziunga. Kidole kwenye pozi ya redio kaseti, nasikiliza tumba inavyohesabu mwisho wa upande A, nabonyeza kabla sauti haijafifia. Nageuza santuri, nashusha sindano, naachia pozi tumba inapoingia kwenye pigo lilelile. Ukikosea nusu ya pigo, mchezaji anakanyaga hewa. Nilikuwa narudia mara tatu, mara nne, foleni ya wateja iko nje.

Hao "siyo wenyewe" ni ugonjwa mwingine. Mwimbaji mmoja wa zamani, au asiyekuwemo kabisa, anaingia studio na kinanda, anaurudia wimbo, kisha jalada linaandikwa jina la bendi ya asili. Kurudia wimbo si kosa. Kosa ni kutosema. Na majina yenyewe yanachanganya: NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Jalada likiandika "Msondo" bila mwaka, hujui kama ni kijana wa 1966 anayeimba au ni mzee. Pasipo na mwaka na majina ya watu, rudisha CD kwenye kabati la muuzaji.

Kuna jambo jingine sitalificha. Sisi wa vibanda hatukuwalipa wanamuziki hata senti. Nilipata kumwona mpiga gitaa mmoja amesimama mbele ya kibanda changu akisikiliza wimbo wake ukiuzwa, na akanisalimia vizuri. Nilimpa soda. Mpaka leo nikiikumbuka ile soda sijisikii vizuri. Kwa hiyo ukinunua, nunua kwa anayeeleza alipata wapi ruhusa.

Za kuaminika: mfululizo wa Zanzibara, unaotolewa Ufaransa tangu 2005. Namba 3 ni dansi ya Tanzania ya miaka ya 60, namba 5 ni Dar ya 1978 hadi 1983. Sauti safi, bendi na wanamuziki wametajwa. Kijitabu chake ni cha Kifaransa na Kiingereza, jambo linalonisikitisha, maana wenye nyimbo hawawezi kukisoma. Kaa na mama umtafsirie.

Binti_Majengo

Shikamoo mzee, ile habari ya pozi imenikumbusha marehemu mjomba. Mimi niko Mombasa. Ikiwa mama apenda na taarabu, Zanzibara namba 2 ni yetu, Mombasa 1965 hadi 1975, na nyingi zatokana na santuri za Mzuri, lebo ya hapahapa mjini.

Niongeze moja: mpangilio. Wako wanaokusanya nyimbo nzuri kisha wazimwaga tu. Utoke kwenye udi wa Zein l'Abdin, utulivu na ushairi mzito, uangukie chakacha ya Zuhura Swaleh yenye taishokoto, kile kinanda cha nyuzi na vitufe, bila hata kuvuta pumzi? Wote wawili waumia. Siku ya shughuli za wazee weka Zein watu wakila, Zuhura wakishanawa mikono.

Tandale_Kwetu

Mzee shikamoo. Mimi ni wa singeli, lakini naunga mkono. Kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku mtaani, tulikuwa tunajua majina ya ma-MC tu. Aliyetengeneza biti nani alijali? 2017 ikatoka Sounds of Sisso, mkusanyo wa studio ya Sisso pale Mburahati, uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hapo ndipo nilipoona yameandikwa kabisa: Sisso, Bamba Pana, Jay Mitta. Watu ninaopishana nao mtaani. Lakini watu wa nje wanadhani singeli ndiyo zile nyimbo tu, imeishia hapo. Mkusanyo ukisifiwa sana unageuka ukuta.

MzeeWaKanda

Marahaba wanangu. Tandale, umesema kweli, na kwetu ni hivyohivyo. Angalia wimbo wa Shauri Yako: mikusanyo mingi imebeba ya Super Mazembe, nzuri sana, na Nguashi N'Timbo aliyetangulia kuupiga karibu asahaulike. Wakusanyaji wanaigana. Huyu akichagua wimbo, wa pili anauchukua kwa sababu wa kwanza aliuchagua, na baada ya miaka 30 bendi nzima imebaki na wimbo mmoja.

Chumbageni, muulize mama maneno ya huo wimbo wa saba. Bado nina santuri kama mia mbili chini ya kitanda.

Mtoto_wa_Chumbageni

Mzee shikamoo, na asante sana. Nimemrekodi kwa simu akiimba jikoni bila yeye kujua, nimekutumia faragha. Nimeagiza Zanzibara 3. Ile CD ya mnazi nimeirudisha, muuzaji amekataa kurudisha pesa ila amenipa flashi. Haidhuru.

Binti Majengo, Zein watu wakila. Nimeandika.

MzeeWaKanda

Marahaba. Nimemsikia. Anaimba sehemu ya kwanza, kisha analiigiza gitaa la solo kwa mdomo, noti kwa noti. Huyo aliucheza ukumbini, hakuusikia redioni tu.

Santuri ninayo, pande zote mbili. Mjukuu wangu ataziingiza kwenye kompyuta Jumamosi, lakini kuunga nitaunga mwenyewe. Upande B una mkwaruzo kidogo mwanzoni, usiruhusu mtu ausafishe kwa mashine, utaondoka na tumba. Hesabu mapigo manne baada ya mkwaruzo. Hapo mwambie mama ainue mkono.