Hudi nimefungiwa na "fundi wa duka", moshi unaishia darini!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Nilinunua hudi, ile mashine ya kunyonya moshi juu ya jiko, kwenye duka moja kubwa hapa Dar. Jina nalihifadhi maana bado tunavutana. Bei ilikuwa pamoja na ufundi. Fundi wao akaja, akatoboa dari la jipsamu, akapenyeza hozi ya foili, akawasha, feni ikanguruma, akanisainisha karatasi, huyo akaondoka.

Juzi fundi umeme kapanda darini kufuata waya wa taa za nje. Akaniita, "Bosi, hebu panda uone." Hozi imeishia palepale juu ya jipsamu, mdomo wazi! Haiendi ukutani, haitoki juu ya bati, haiendi popote. Miezi yote hiyo mafuta ya kukaangia samaki yanapulizwa kwenye kenchi, zile mbao za paa, na kwenye nyaya za umeme. Mbao zinanata. Vumbi limegandana na mafuta, limekuwa kama sufi ya mto. Hapo ikitokea cheche moja kwenye unganisho lililolegea, tunaongea habari nyingine.

Napiga simu dukani, jamaa ananijibu: "Mzee, si inanyonya? Jikoni kuna moshi? Sasa shida iko wapi?"

Shida iko darini, ndugu yangu!

Halafu kitabu cha maelekezo kimo ndani ya boksi, kimechorwa mpaka mtoto anaelewa. Mdomo wa mashine ni milimita 150. Fundi wao kaupunguza hadi 100 kwa sababu ndiyo hozi aliyokuwa nayo kwenye begi. Piga hesabu mwenyewe: njia ya hewa imebaki chini ya nusu, ndiyo maana feni inapiga kelele kama inalia na moshi bado unatuelemea. Kutoka jiko la gesi hadi kwenye mashine kitabu kinataka isipungue sentimita 65. Yangu iko kama 50, eti ilingane na kabati. Kwa hiyo vichujio vya alumini vya mashine, vilivyojaa mafuta, vinachomwa na moto wa chini kila tukibandika sufuria.

Walipobanwa wakaja na "suluhisho": ninunue chujio la mkaa, hewa izunguke humohumo ndani. Yaani nitoe hela tena! Mkaa unapunguza harufu, basi. Mvuke unabaki, joto linabaki, na ile hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, ya gesi isiyoungua vizuri mkaa hauigusi. Na lenyewe likichoka ni la kutupa, halioshwi kama vile vya alumini.

Msifikiri ni mimi peke yangu. Kuna rafiki yangu anakaa ghorofani, hozi yake imechomekwa kwenye shimo la mabomba ya choo. Jirani wa chini akikaanga dagaa, jamaa anajua kabla ya mwenye dagaa hajapakua.

Ninachodai kwao si anasa. Bomba la bati gumu, la 150 mwanzo hadi mwisho, fupi, kona chache, litoboe ukuta litoke nje, liwe na kifuniko kinachojifunga feni ikizimwa ili upepo na ndege wasiingie. Washushe hiyo hozi, waipandishe mashine, na wasafishe mafuta yao kwenye kenchi zangu. Wao wanasema kutoboa ukuta "hakumo kwenye ofa". Sasa ofa ilikuwa ya nini, ya kutundika pambo?

Mwenye kujua: kuna aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani, FCC? Nina risiti, nina picha za darini, na ile karatasi ya fundi ninayo. Na kama kuna fundi bati wa uhakika pale mtaa wa Gerezani hapa Dar anayekunja bomba la kipimo hicho, nitumieni PM. Hudi nimeizima, tunapikia nje.