Naomba ushauri: vipandikizi vya bugenvilia vinaoza kabla ya kutoa mizizi

Habari zenu ndugu na dada zangu. Niko Goma, nina pepinieri (kitalu) ndogo ya maua na miti ya mapambo. Jakaranda, hibiska na mawaridi yananiendea vizuri. Shida ni bugenvilia.

Nilikata vijiti 60 vyenye unene wa penseli, nikavipanda kwenye sashe nyeusi (vifuko vya plastiki). Wiki ya tatu vikatoa majani, nikafurahi kweli. Halafu majani yakalegea. Nilipong'oa kimoja sikuona hata uzi wa mzizi: chini cheusi, gome linabanduka ukiligusa tu, na kinanuka. Vimebaki 11.

Hapa kwetu tunakaa juu ya mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, kwa hiyo udongo wa kupandia nanunua kwa magunia. Nauchanganya na samadi ya ng'ombe nusu kwa nusu, namwagilia asubuhi na jioni. Mama jirani anasema samadi ndiyo inachoma, nitumie changarawe ya lava tupu mpaka mizizi itoke. Mimi nashuku zaidi maji, maana mvua nayo haijapumzika.

Waliofanikiwa, lava mnaichekecha ndogo kiasi gani? Mnafunika kwa plastiki au mnaacha wazi? Na hivi vijiti 11 vilivyobaki, nivihamishe sasa au nisiviguse?

Mmea mama aliupanda marehemu baba, rangi ya machungwa, na nyumba imeshauzwa. Mwezi ujao wanaukata. Nisaidieni mapema, tafadhali.