Mnaosema "ni katuni tu, muache mtoto acheke", hebu njooni hapa tuongee

Wazazi wenzangu habari zenu, naandika nikiwa na hasira na wala sitaificha. Jana kwenye group la wazazi mama mmoja kauliza swali la maana sana, mwanae ana miaka 8, kaanza kuomba kuangalia Family Guy, ile katuni ya Kimarekani ya wakubwa, kwasababu wenzake wanaiangalia, akauliza jamani inamfaa au haimfai. Mzazi anayejali ndo anauliza hivyo. Sasa majibu aliyopewa! "Hiyo ni katuni tu dada", "wangu anaangalia tangu ana miaka sita na hana shida yoyote", "muache mtoto acheke bana", mwingine kaweka emoji za kucheka basi kaondoka. Watu zaidi ya kumi wamejibu na kwa majibu yale sidhani kama hata wawili wamewahi kukaa chini wakaangalia episodi moja mwanzo mpaka mwisho. Nikataka kujibu kulekule nikaona nitaishia kutukana mtu, nikaweka simu pembeni. Leo naandika yote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hilo jibu la "ni katuni tu" na mimi nililiamini.

Nina watoto wawili, binti ana miaka 12 na mdogo wake wa kiume ana 7. Kuna kipindi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa anakuja wikendi, na akija anampa mdogo simu ili atulie. Nikamuuliza anaangalia nini huyo mbona anacheka hivyo, akaniambia "katuni tu shemeji, muache acheke". Nikachungulia, kweli ni katuni, kuna baba mnene mwenye miwani na shati jeupe, kuna mbwa mweupe anaongea, kuna katoto kachanga kenye kichwa kimechongoka huku na huku. Nikarudi kwenye shughuli zangu. Nilichungulia kwa sekunde tatu labda, na kwa sekunde hizo tatu nikawa nimeshatoa ruhusa.

Binti yangu anavaa miwani. Siku moja tuko mezani anataka kunisimulia kitu cha shule, kafungua tu mdomo mdogo wake akamkata, "nyamaza Megi", alafu akageuka akaanza kutuangalia usoni mmoja mmoja, mimi, baba yake, mimi tena, anasubiri tucheke. Hawakuwa wamegombana, hakuwa na hasira na dada yake hata kidogo, alikuwa anatabasamu kabisa kama mtu aliyetuletea zawadi. Baba yake akacheka kidogo mana hakuelewa, mimi nikasema acha utani mbaya, tukaendelea kula. Basi ikawa ndo mchezo wa nyumba nzima. Binti akiongea, nyamaza Megi. Akivaa nguo mpya, Megi mbaya huyo. Imepita kama wiki tatu ndo nagundua binti haongei tena mezani, anakula haraka haraka anaondoka, na miwani anaivua kabisa kabla hajaja kukaa na sisi. Miwani ambayo akiamka asubuhi ndo kitu cha kwanza anapapasa kukitafuta.

Nikamkalisha mdogo nikamuuliza kwa upole tu, huyo Megi ni nani? Akanijibu hivi hivi, "yule dada ambaye wote hawampendi".

Usiku huo walipolala nikaitafuta hiyo katuni, ndo hiyohiyo Family Guy, nikavaa earphone nikaangalia episodi nne mfululizo, na siku zilizofuata nikaangalia nyingine nyingi za sizoni tofauti tofauti, za zamani na za sasa. Kwahiyo ninaposema naijua, naijua. Meg ni binti wa ile familia, anavaa miwani na kofia, na kazi yake kubwa mle ndani ni kudharauliwa. Baba yake anamtukana, anamnyamazisha, anamfanyia vitendo vya kudhalilisha, na mle ndani hakuna anayeshtuka wala anayemtetea, stori inasonga mbele kama hakuna kilichotokea, mana ndo utani wenyewe. Na kuna episodi moja ya mwaka 2011 ambayo Meg anafunguka, anaiambia familia yake ukweli mmoja baada ya mwingine, nikasema ahaa afadhali, sasa watajirekebisha. Wapi! Familia inaanza kugombana yenyewe kwa yenyewe, na mwisho binti anaamua ni bora aendelee kubeba yeye hayo manyanyaso ili wenzake wabaki pamoja. Mtu mzima unaweza ukaliona hilo kama kejeli kwa familia zinazomfanya mtoto mmoja kuwa jalala, sawa, na wapo wanaoona hata kwa mtu mzima episodi ile ilipitiliza. Mtoto wa miaka 7 haoni kejeli. Anaona kwamba kwenye familia kuna mmoja wa kutemewa mate na mkimtemea mnacheka pamoja. Wangu aliangalia nyumbani kwetu akatafuta ni nani anavaa miwani.

Hapo sijafika kwenye mengine. Kuna jirani yao anaitwa Quagmire, huyo maisha yake yote ni kuwinda wanawake kwa njia ambazo kwa watu halisi ni makosa ya jinai. Mbwa anakunywa pombe na kutongoza. Yule mtoto mchanga, Stewie, sizoni za mwanzo kabisa anapanga mipango ya kumuua mama yake. Alafu kuna mzee mmoja jirani, Herbert, ambaye anamtamani mtoto wa kiume wa ile familia, namaanisha anamtamani kimwili, na kila akitokea anatokea kama kichekesho. Hapa naomba msome taratibu. Sisi wazazi kila siku tunawaambia watoto mtu mzima akikuita pembeni, akikusifia mwili, akikupa vitu kwa siri, kimbia uje useme. Alafu mtoto huyohuyo anakaa anaona mzee anafanya hayohayo na inatakiwa acheke. Siku likimkuta la kweli atakuja kusema au ataona ni utani? Mliojibu "ni katuni tu" nijibuni hilo moja tu.

Na msije mkanigeuzia maneno kwamba nachukia katuni za wakubwa. Sichukii. Seth MacFarlane aliitengeneza kwa ajili ya watu wazima na hajawahi kujificha, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 31 Januari 1999 kwenye chaneli ya Fox, ikasimamishwa 2002, ikarudi 2005 baada ya DVD zake kuuzwa sana na marudio yake kupata watazamaji wengi, na hao walioirudisha walikuwa vijana wakubwa na watu wazima. Kuna vichekesho mle vya siasa na vya dini na vya watu maarufu ambavyo hata mimi nilicheka. South Park nayo, katuni nyingine ya wakubwa iliyoanza 1997, kila episodi inafunguliwa na tangazo kwamba kutokana na yaliyomo haitakiwi kutazamwa na mtu yeyote yule. Ni utani wao lakini ujumbe umefika, wenye kazi yao wenyewe wamekwambia. Wewe uliye mzazi ndo unasema hapana inafaa?

Tatizo nadhani linaanzia kwenye neno lenyewe katuni. Sisi tukisikia katuni tunasikia mtoto, kama tunavyosikia uji. Kuchora ni namna ya kutengeneza tu, unaweza kuchora sungura anafundisha kuhesabu na unaweza kuchora watu wanachinjana. Ukitaka kujua kitu kinafaa au hakifai vua mchoro. Fumba macho usikilize sauti tu kwa dakika kumi. Au chukua tukio lolote mle ndani uweke waigizaji wa kweli, binti wa kweli wa miaka 17 analia, baba wa kweli anamdhalilisha, mzee wa kweli anamchungulia kijana wa kweli dirishani, alafu niambie kama ungemwita mtoto wako aje akae hapo kwenye kochi. Hiyo ndo njia yangu siku hizi na haijawahi kunidanganya.

"Mbona imeandikwa 14?" Ndio, na hii nayo inanichefua. Ule mfumo wa alama za Marekani ulianza mwaka 1997, TV-Y ya watoto wote, TV-Y7 ya kuanzia miaka saba, TV-G, TV-PG, TV-14, TV-MA ya wakubwa. Baadaye zikaongezwa herufi, D ni mazungumzo ya kingono, L ni lugha chafu, S ni ngono, V ni vurugu. Family Guy kwa kawaida inapewa TV-14 na mara nyingi herufi zinajipanga kwa pamoja hapo chini. South Park inapewa TV-MA. Sasa wengi hawajui kwamba wanaotoa hizo alama ni chaneli zenyewe zinazorusha kipindi, hakuna mtu wa nje anayekaa kuangalia kila episodi kabla haijaenda hewani. Alafu hiyo 14 maana yake ni kwamba kuna mambo wazazi wengi wangeona hayafai kwa aliye chini ya 14, yaani inakwambia kaa macho, haikwambii kwamba siku ya birthday ya 14 mlango umefunguliwa. Uingereza DVD zake nyingi zilipewa 15. Kwahiyo hata ukichukua kipimo cha huruma kuliko vyote, mtoto wa miaka 8 yuko mbali sana, na huyo wa "tangu miaka sita" ndo usiseme.

Na hiyo alama yenyewe inaonekana sekunde ngapi? Inatokea kwenye kona mwanzoni inapotea. Kwenye apu niliyoangalia mimi nilikuta imepangwa mstari mmoja na katuni za watoto kabisa, picha zinang'aa rangi zilezile, unateleza kidole unatoka kwa wanyama wanaoimba unaingia humo. Nilikuja kugundua kuna sehemu ya kufungua profaili ya mtoto na kuweka namba ya siri kwenye profaili za wakubwa, imenichukua dakika tano, lakini imefichwa huko ndani ndani kwenye mipangilio. Kwanini isiwe kitu cha kwanza mtu anaulizwa akijiunga? Kuanzia mwaka 2000 televisheni mpya za Marekani za inchi 13 na kuendelea zililazimishwa na sheria ziwe na kifaa cha kuzuia vipindi kwa kusoma hizo alama. Leo mtoto ana simu mkononi na tunamtegemea shemeji.

Ila mwanangu hata kwenye apu hakuwa anaangalia, na hii ndo naomba muikamate. Alikuwa anaangalia vipande. Kuna watu wanakata dakika moja moja za hizi katuni wanapandisha kwenye video fupi, juu kipande cha Family Guy, chini wanaweka gemu ya mtu anakimbia kwenye reli anakwepa treni ili jicho la mtoto lisiondoke. Hakuna alama ya umri, hakuna jina la episodi, hakuna mwanzo wala mwisho. Wanakata palepale penye tukio kali kuliko yote kwasababu ndo panapovuta watu. Kwahiyo hata ile sehemu ambayo stori ingeweza kukuonyesha kwamba huyu baba ni mjinga na ndiye anayechekwa, haipo. Imebaki "nyamaza Meg" tupu, na inayofuata, na inayofuata. Mtoto anaweza kumaliza mia moja kabla hujamaliza kuosha vyombo. Ukimpa simu ya mtu mzima bila kuangalia, usiniambie umemwekea katuni, hujui umemwekea nini.

Wewe unayesema wako hana shida, umejuaje? Wangu pia hakuwa na shida. Alikuwa analala vizuri, anasoma vizuri, hatukani mtu nje. Shida ilikuwa kwa dada yake. Na msiniambie hawaelewi maneno yote, kweli hakuelewa vichekesho vya siasa wala vya kitandani, alielewa kimoja tu, nani anachekwa na nani anacheka, na hicho hakihitaji kamusi.

Nilivyofanya mimi, simu za wageni hazishikwi na mtoto, namba ya siri imewekwa, na nilikaa na mdogo nikaangalia naye kipande kimoja cha Meg nikakisimamisha, nikamwambia hebu mwangalie uso huyu dada. Akaangalia kwa muda. Akasema "analia". Nikamwambia ndio. Binti yangu nilimwomba msamaha mbele ya baba yake, na baba yake naye akaomba kwa kile kicheko chake. Amerudi kuongea mezani, sio kama zamani, lakini anaongea. Miwani jana usiku alikuwa ameivaa.

Sasa mama uliyeuliza, kama unasoma hapa, jibu ni hapana. Miaka 8 hapana, na 10 hapana. Akifika 15 kaa naye muangalie pamoja, umuulize anacheka nini, na ukiona bado hawezi kukujibu mzime. Wenzake wakimcheka kwamba haijui, mwambie aseme mama kakataa, lawama zije kwako.

Na wewe shemeji najua utaona hii. Sina ugomvi na wewe, wikendi karibu kama kawaida. Simu yako ibaki mfukoni.