Makali ya shoka yanalala baada ya kupitishwa grenda, nifanyeje?

Mchanja_Kuni: Wakuu, shoka la kilo moja na nusu limerudi kutoka kwenye grenda likiwa kali kama wembe. Magogo matatu tu ya mkaratusi, makali yamelala upande. Karibu na ncha kuna doa la bluu. Nimelinoa upya kwa tupa, hali ni ileile. Kosa ni chuma au mnoaji?

TupaBapa: Mkuu, doa ndilo jibu. Bluu maana yake chuma kilikaribia nyuzijoto 300, ugumu ukatoka. Makali yanayolala ni laini. Yanayomeguka ni magumu mno au membamba mno. Bana shoka kwenye jiriwa, shika tupa bapa ya inchi 10 yenye mpini, uondoe chuma mpaka ulipite doa. Penye ulaini tupa hukata kama kwenye msumari. Ukifika penye chuma kizima inaanza kukataa. Usiache kwa sababu rangi imetoka, maana ulaini huingia ndani kuliko rangi.

Jirani: Si ampelekee tu mhunzi alichome na kulizamisha kwenye maji?

TupaBapa: Akilizamisha akaishia hapo, litameguka kama chupa. Baada ya kuzamishwa lazima lipashwe tena taratibu mpaka lipate rangi ya majani makavu. Mhunzi asiyejua hatua hiyo atakuachia hasara kubwa kuliko ya grenda.

Mchanja_Kuni: Nimeelewa. Sasa mteremko wa makali niupime vipi? Nakisia kwa macho.

Msitu_Mnene: Kunja kona ya karatasi sehemu tatu zilizo sawa, unapata nyuzi 30. Kata pengo la pembe hiyo kwenye boksi gumu, uliingize kwenye makali kila baada ya muda. 30 zinatosha kazi za kawaida. La kupasulia tu, ongeza hadi 35.

Kisha paka wino wa maka pen kwenye mteremko, pitisha tupa mara mbili. Wino ukifutika juu tu, umelaza tupa mno. Ukifutika nchani tu, umeiinua mno. Tupa husukumwa, wakati wa kuirudisha inyanyue, la sivyo meno yanakwisha. Ipake chaki isizibe. Na vaa glavu, kaka, mkono ukiteleza unaishia kwenye makali.

Endelea upande mmoja mpaka upande wa pili ukwaruze kucha mwanzo hadi mwisho, ndipo ugeuze. Malizia kwa kinoo kilicholowa maji, uso unaoparuza kwanza halafu laini, ukizungusha polepole, mpaka ule mkwaruzo uishe pande zote.

Mchanja_Kuni: Asanteni. Nikimaliza nipake mafuta ya kupikia lisishike kutu?

TupaBapa: Hapana, yanaganda na kunasa vumbi. Matone mawili ya oili ya cherehani. Na kuni zikatie juu ya gogo: pigo moja likigusa mchanga, unarudi kwenye tupa.