Angiotensini yapandisha kalsiamu, ACTH kimya: homoni imeharibika?

Msomi_Tudor
Waungwana, salaam. Tezi za adrenali (zilizo juu ya figo) ni za ng'ombe, kutoka machinjioni. Seli za tabaka la nje zimetenganishwa kwa kimeng'enya cha kolajenasi, zikawekwa fura-2, rangi ya kupimia kalsiamu ndani ya seli. Homoni ya angiotensini II, nanomola 100, yatoa kilele cha kalsiamu ndani ya sekunde chache, kisha mstari wa kipimo washuka na kutulia juu kidogo ya ulipoanzia. ACTH (homoni ya tezi ya pituitari inayoichochea adrenali) ya nanomola 10, dakika tatu: mstari umelala kama bahari ya maji mafu. Nikitia EGTA (kikamata kalsiamu ya nje ya seli) ya milimola 2 kwa robo saa, hata kilele cha angiotensini chapotea. Kosa liko wapi?

BiKisauni
Seli zi hai, zimejibu angiotensini. Ila homoni hizi hazipiti mlango mmoja. Angiotensini hushika kipokezi cha AT1, kimeng'enya cha fosfolipasi C kikazalisha IP3, mjumbe wa ndani ya seli, nayo IP3 hufungua ghala la kalsiamu ndani ya seli. Hicho ndicho kilele chako. Ule mstari uliotulia ni kalsiamu ya nje inayoingia: ghala likipungua, utando hufungua njia ya kulijaza, tena angiotensini hufunga njia za potasiamu, chaji ya utando ikapungua, na chaneli za kalsiamu za aina ya T zikafunguka.

ACTH hupitia cAMP, mjumbe mwingine wa ndani ya seli. Hailifungui ghala hilo kwa kiasi cha kuonekana. Kalsiamu huingia kutoka nje, polepole. Dakika tatu hazitoshi. Ukitaka kujua kama homoni yako ni nzima, pima cAMP au aldosteroni, homoni inayotolewa na seli hizi.

Fundi_wa_Darubini
Nyongeza mbili. ACTH hunata kwenye kioo na plastiki, basi iyeyushie kwenye maji yenye protini ya albumini asilimia 0.1, la sivyo nanomola 10 ni za kwenye daftari tu. Na joto letu la Mombasa: rangi ikikaa saa nzima kwenye nyuzi 30 na kitu, huingia mitokondria na kwenye ghala, ukawa wasoma kalsiamu isiyo ya saitoplazimu (majimaji ya seli). Dakika 30, maikromola 2, kisha osha.

Msomi_Tudor
Shukran, dada na bwana fundi. Na EGTA je?

BiKisauni
Robo saa ni nyingi mno. Ghala huvuja muda wote na hujazwa kwa kalsiamu ya nje. Ukiifunga nje, lajimaliza lenyewe. Ondoa kalsiamu dakika moja tu kabla ya angiotensini: kilele kitabaki, mstari wa baadaye utaanguka. Kisha fanya jaribio la potasiamu, kutoka milimola 4 hadi 8 bila homoni yoyote. Kalsiamu ikipanda, chaneli za utando ni nzima. Punguza sodiamu kwa milimola hizo hizo 4, usije ukapima seli zinazosinyaa.