Nyonga bandia: kauri kwa kauri au kauri kwa plastiki?

Safari_Ndefu: Habari wakuu. Nyonga yangu ya kushoto imekwisha, daktari anasema dawa yake ni kubadilisha tu. Ameniachia nichague: kichwa (lile tufe la juu ya paja) cha kauri ndani ya bitana (ganda la ndani ya kikombe cha nyonga) ya kauri, au kichwa cha kauri ndani ya bitana ya plastiki. Jibu analitaka wiki ijayo. Mlio na uzoefu, kipi kinadumu?

Mwasu: Umri? Uzito? Na nyonga imeharibiwa na nini: gegedu kulika, ajali, selimundu? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Kinyonga77: Kauri kwa kauri, mkuu. Mfaransa Pierre Boutin aliianza mwaka 1970, kwa hiyo si jambo la majaribio. Kauri karibu hailiki. Plastiki ikilika hutoa vumbi, mwili unalishambulia vumbi hilo na kula mfupa uliolizunguka, kiungo kinalegea.

Bi_Rehani: Hiyo ni plastiki ya zamani, Kinyonga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna ile iliyopigwa mionzi ikakazwa, inalika kidogo mno. Mimi ninayo, napanda ngazi bila fimbo, na picha za kila ukaguzi zinaonyesha mfupa mzima.

Mama_Wawili: Mimi niliwekewa kauri kwa kauri. Miaka ya mwanzo raha tupu. Kisha ikaanza kulia, mlio wa bawaba kavu, kila nikiinama. Nikaambiwa ni kawaida. Siku moja nainuka kitini, ikalia "ka!", mguu ukagoma kabisa. Kichwa kilikuwa kimepasuka vipande vipande. Walionipasua wakatoa walichokiona, wakaweka kichwa cha chuma na bitana ya plastiki. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Chembe za kauri zilizobaki nyamani zikawa zinakisaga kile chuma, paja likavimba, kobalti, madini ya kile chuma, ikapanda kwenye damu. Ikabidi nifunguliwe tena, nyama zote zilizoingiwa na chembe zikasafishwa, nikarudishiwa kichwa cha kauri. Kauri ikipasuka, usikubali chuma baada yake!

Kinyonga77: Pole sana dada. Ilikuwa kauri ipi? Alumina tupu, ile ya rangi ya maziwa, si sawa na hii ya waridi iliyochanganywa na zirkonia, kauri nyingine.

Mama_Wawili: Alumina tupu.

Mwasu: Mchanganyiko umesaidia vichwa, bitana bado. Takwimu za rejesta ya viungo bandia ya Uingereza zilizotolewa 2017: vichwa vya waridi vilivyopasuka ni 9 kwa kila 100,000, bitana 126. Alumina tupu: vichwa 119, bitana 112. Ni hatari ndogo, lakini ukichukua plastiki, hiyo ya bitana kupasuka huna.

Jongoo_Dume: Mbona hakuna anayetaja chuma kwa chuma? Haipasuki.

Bi_Rehani: Kaka, kampuni ya DePuy waliziondoa nyonga zao za ASR, za chuma kwa chuma, sokoni 2010 kwa sababu zilikuwa zinafeli mapema mno. Tusimrudishe mwenzetu huko.

Safari_Ndefu: Samahani kwa kuchelewa. Nina miaka 43, kilo 92. Kichwa cha paja kilikufa baada ya kutumia steroidi muda mrefu. Kazi yangu ni ya kuchuchumaa sana.

Mwasu: Ungeanza na hayo! Kuchuchumaa ndiko kunakobadilisha hesabu. Shingo ya kiungo ikigonga ukingo wa bitana ya kauri, inaumega. Muulize ataweka kichwa cha milimita 32 au 36, na kikombe atakilaza kwa pembe gani. Kikikaa vibaya, kauri inalia na plastiki inalika upande.

Kinyonga77: Miaka 43 bado ana safari ndefu. Nabaki na kauri kwa kauri.

Bi_Rehani: Nami nabaki na plastiki. Anayechuchumaa kutwa simpi bitana inayoweza kumeguka.

Jongoo_Dume: Baada ya upasuaji mlilalaje? Mimi mto katikati ya magoti umenishinda, nauamkia sakafuni.

Mama_Wawili: Lala chali mwanzoni, mto uufunge na kanga.

Tumaini_K: Nisaidieni na mimi jamani, langu ni goti. Kuna kauri za goti?